Saitometa, ICP-MS au hadubini? Kuchagua njia ya kupima chembe nano zinavyonata na kuingia kwenye seli hai

Mtu akishapata seli zake zimestawi ndani ya inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea seli, na kichupa cha chembe nano (chembe ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita) kimekaa kwenye friji, swali analomletea fundi wa maabara huwa lile lile: "Nitumie mashine gani?" Mimi humrudishia swali. Unataka kujua kama zimenata? Kama zimeingia? Au kama zimefika pale zinapotakiwa kufanya kazi? Ni maswali matatu, na hakuna mashine inayoyajibu yote kwa mkupuo.

Fikiria nyumba ya Kiswahili ya Mji wa Kale. Mgeni aliyekaa barazani bado yuko nje, hata kama mgongo wake umeegemea ukuta wa nyumba. Mwingine amevuka mlango akaishia dakani, ule ukumbi mdogo wa kuingilia. Wa tatu amekaribishwa mpaka ndani. Chembe iliyonata kwenye utando wa seli iko barazani. Iliyomezwa ikafungiwa ndani ya kifuko kiitwacho endosomu iko dakani: mlango imeuvuka, lakini kati yake na saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, kuna utando mwingine. Ile iliyoponyoka kifukoni ndiyo iliyo ndani. Mashine nyingi huwahesabu wageni wote watatu pamoja, kisha anayeandika ripoti anasema "zimeingia".

Kwa hiyo nitakacholinganisha hapa si mashine peke yake, bali mashine pamoja na mbinu ya kuwatenga wa nje na wa ndani. Ukikosa mbinu hiyo, hata mashine ya bei ghali kuliko zote haikusaidii. Nalinganisha kwa jicho la mtu wa Mombasa: joto, unyevu, umeme unaokatika bila hodi, na vifaa ambavyo mara nyingi viko mji mwingine.

Saitometa ya mtiririko: inaona mwanga, haioni chembe

Saitometa hupitisha seli moja moja mbele ya mwale wa leza, maelfu kwa sekunde, na kwa kila seli hurekodi imetawanya mwanga kiasi gani na imeng'aa kiasi gani. Ndani ya dakika chache una takwimu za seli 10,000. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hupati wastani tu, unapata mtawanyiko mzima. Unaona kama seli zote zimebeba kidogo kidogo, au kama chache zimejaa pomoni na zilizobaki ni tupu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa kibiolojia, na wastani ungezificha.

Mashine hizi si ngeni kwetu. Ziliingia hospitali nyingi za Afrika Mashariki kwa kazi ya kuhesabu seli za CD4 za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Lakini usifurahi upesi. Baadhi ya mashine za CD4 zimefungiwa kazi hiyo moja, hazikuruhusu kuchagua kichujio cha mwanga wala kupata data ghafi. Muulize anayeiendesha kabla hujaagiza rangi ya kung'aa ya kupachika kwenye chembe.

Tatizo lake limo kwenye kichwa cha habari hapo juu. Saitometa inaona rangi uliyoipachika kwenye chembe, na rangi ina tabia zake.

Ya kwanza, rangi hubanduka. Rangi huru ni molekuli ndogo, nyingi hupenya utando bila taabu, na seli zitang'aa vizuri huku chembe zenyewe zimebaki nje. Njia ya kulijua hili ni rahisi. Loweka chembe kwenye chakula cha seli chenye seramu (majimaji ya damu yenye protini), kwa nyuzi 37, kwa muda ule ule utakaotumia kwenye jaribio. Zishushe chini kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi. Chukua yale maji ya juu yasiyo na chembe, uwape seli. Ziking'aa, ulichokuwa unapima ni rangi. Katika kazi zote ninazoletewa nizisome, hili ndilo jaribio la kulinganishia linalorukwa kuliko mengine, na ndilo la bei nafuu kuliko mengine.

Ya pili, fluoresini, ile rangi ya kijani inayopendwa kwa sababu ni rahisi kupatikana, hufifia kwenye asidi. Nje ya seli pH, yaani kipimo cha asidi, ni kama 7.4; ndani ya lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enyea, ambako chembe nyingi huishia, pH hushuka hadi kati ya 4.5 na 5. Maana yake, kadiri chembe inavyozama ndani ya seli ndivyo inavyozidi kuonekana kama haipo. Mtu anaona mwanga ukishuka baada ya saa sita, anaandika kwamba seli zimezitema chembe, kumbe zimo humo humo. Tumia rangi isiyojali pH. Au geuza tatizo liwe msaada: kuna rangi zinazofanya kinyume, hulala kimya nje na kung'aa zikifika kwenye asidi. Kwa rangi hizo, chembe iliyonata tu haionekani, na kila unachokiona kimeshamezwa. Kwa swali la "zimeingia?" peke yake, mimi nazipenda sana, ingawa hazikwambii lolote kuhusu kunata.

Ya tatu ni ukubwa. Chembe ya nanomita 200 ina ujazo mara 64 ya ile ya nanomita 50. Ikiwa rangi imechanganywa mwilini mwa chembe, seli yenye chembe moja kubwa inaweza kung'aa kuliko seli yenye dazeni kadhaa za ndogo. Halafu utasikia mtu akisema chembe kubwa huingia zaidi. Pima kwanza mwanga wa chembe moja kwa kila ukubwa, ugawanye, ndipo ulinganishe.

Na ya nne ambayo husahaulika: seli hugawanyika. Ikigawanyika, mzigo wake hugawanyika nao. Seli za HeLa, aina ya seli za saratani inayotumika sana maabara, hugawanyika takriban kila saa 24, kwa hiyo mwanga kupungua siku ya pili si lazima uwe na maana yoyote kuhusu kutemwa. Kundi la watafiti wa Dublin lilionyesha hili wazi mwaka 2012: mzigo wa chembe hutegemea pia seli iko hatua gani ya mzunguko wake.

ICP-MS: inahesabu atomu, haijali ziko wapi

Upande wa pili wa mizani kuna ICP-MS, mashine inayochoma sampuli ndani ya plazma ya gesi ya argoni, yenye joto la kelvini 6,000 hadi 10,000, kisha inapima ioni (atomu zenye chaji) za metali zinazotoka. Haihitaji rangi. Kama chembe yako ni dhahabu, unapata kiasi halisi cha dhahabu, si namba ya kukadiria mwanga.

Dhahabu ni mfano mzuri, na si jambo la mbali. Ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria, vile vya kutoboa kidole pale zahanati, ni chembe nano za dhahabu. Tufanye hesabu. Tufe la dhahabu la nanomita 50 lina ujazo wa takriban nanomita za ujazo 65,000, na uzito wa kama femtogramu 1.26. Tuseme kila seli imebeba chembe 1,000 na wewe una seli milioni moja. Jumla ni mikrogramu 1.26 za dhahabu. Ziyeyushe, uzimue hadi mililita 10, unapata mikrogramu 126 kwa lita. ICP-MS huona dhahabu chini kabisa ya mikrogramu moja kwa lita. Hata kama kila seli imebeba chembe 10 tu, bado utaziona. Saitometa haiwezi kukupa "chembe 1,000 kwa seli" hivi hivi; utalazimika kuipimia kwa vigololi maalumu vya kulinganishia, na bado utakuwa umekadiria.

Isitoshe, seli haina dhahabu yake ya asili. Hapo ndipo chembe za aina nyingine huanza kusumbua. Chuma kimejaa kwenye seli, kwa hiyo chembe za oksidi ya chuma unazipima juu ya kelele. Zinki vivyo hivyo, na oksidi ya zinki huyeyuka. Fedha nayo hutoa ioni, na ICP-MS haijui kama atomu ya fedha iliingia ikiwa chembe au ikiwa ioni. Kwa plastiki, kwa lipidi (mafuta), kwa polima, mashine hii haina la kusema, ila kama mtengenezaji ametia metali ndani.

Kwa mtu wa Mombasa, ICP-MS ina neema moja ambayo watu hawaifikirii: metali haiozi. Saitometa mara nyingi inataka seli hai, leo hii, karibu. Vidonge vya seli ulizozihesabu, ukaziosha na kuzikausha vinaweza kusafiri kwa basi mpaka Nairobi vikapimwa wiki ijayo, na dhahabu itakuwa ile ile. Tuma vikavu lakini. Usithubutu kufunga kwenye kichupa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki unaotumika kuyeyushia dhahabu. Hutoa gesi, kichupa hupasuka. Uyeyushaji ufanyike huko huko, siku ya kupima. Na muombe anayeiendesha aisafishe mirija kati ya sampuli zako, maana dhahabu hung'ang'ania mirija na kujitokeza kwenye sampuli ya mtu anayefuata.

Udhaifu wake nimeshausema: baraza, daka na chumba, vyote huchomwa pamoja. Na hata plastiki ya sahani. Chembe hunata kwenye vishimo vyenyewe vya sahani, mle zinamooteshwa seli; ukizikwangua seli unazikwangua pamoja nazo. Kwa hiyo weka vishimo visivyo na seli, vipewe chembe zile zile kwa muda ule ule, vipimwe kama vingine.

Baridi, bluu na iodini: hapa ndipo pana kazi

Njia ya kale ya kutenga kunata na kuingia ni baridi. Kumeza chembe kunahitaji nishati, na kwa nyuzi 4 seli huacha kumeza. Chembe bado zinanata. Kwa hiyo watu hupima kwa nyuzi 4, hupima kwa nyuzi 37, hutoa moja kwenye nyingine, na tofauti huiita iliyoingia.

Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu utando kwenye baridi ni mgumu zaidi na kunata kwenyewe hubadilika. Lakini kabla ya kufika kwenye nadharia, Mombasa kuna tatizo la mkono. Chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kuwa na nyuzi 30. Sahani ya plastiki ya vishimo 96 ina sakafu nyembamba na maji kidogo sana ndani yake. Ukiitoa kwenye friji, ukafungua kifuniko, ukaanza kutia chembe kwa pipeti kishimo baada ya kishimo, ukifika cha mwisho, cha kwanza kimeshapata joto na seli zake zimeanza kumeza. Kuiweka juu ya vipande vya barafu hakutoshi, kwa sababu sakafu hugusa ncha za barafu tu na kwingine ni hewa. Tumia barafu iliyopondwa yenye maji, weka bamba la alumini juu yake, sahani juu ya bamba, na kila kimiminika kiwe kimepozwa kabla. Kisha kuna unyevu: hewa yetu ikikutana na kifuniko baridi hutoa jasho, matone huteleza kutoka kishimo hiki hadi kile. Futa kila mara. Na kwa kuwa uko nje ya inkubeta, hakuna kaboni dayoksaidi ya kushikilia pH. Utaona chakula cha seli kikigeuka kutoka wekundu wa machungwa kuwa pinki iliyokolea. Tumia bafa ya HEPES, myeyusho unaoshikilia pH bila gesi hiyo.

Njia ya pili ni tripani bluu, ile ile tunayotumia kuhesabu seli zilizokufa. Haipiti kwenye utando wa seli hai, na ikikaribiana na rangi ya kijani huizima. Ukiitia, chembe za nje huzimika, za ndani hubaki ziking'aa. Ina masharti, na mengi hayaandikwi mahali pa kuonekana. Huzima kijani vizuri, nyekundu haizimi ipasavyo. Rangi iliyozikwa katikati ya kigololi cha plastiki haiifikii. Na ikiwa seli zimeshauawa na kuhifadhiwa kwa kemikali ya paraformaldehaidi, utando wake uko wazi na bluu itaingia kuzima kila kitu. Hili la mwisho lina uzito kwa wenzetu ambao saitometa yao iko Kilifi au mbali zaidi: huwezi kuzihifadhi seli hivyo Mombasa, ukasafiri nazo, kisha ukatia bluu ukifika. Kwanza changanya chembe na tripani kwenye kichupa bila seli yoyote, uone mwanga unashuka kiasi gani. Usiposhuka karibu na sifuri, achana na njia hiyo.

Kwa dhahabu kuna ndugu yake: myeyusho wa iodini na iodidi ya potasiamu. Huyeyusha dhahabu iliyo nje kwa dakika chache, na seli huvumilia kwa muda huo mfupi. Ijaribu kwanza kwenye kichupa; ule wekundu wa dhahabu hupotea mbele ya macho yako. Seli ambazo hazikuguswa na iodini zinakupa jumla, zilizopitishwa kwenye iodini zinakupa za ndani, na ICP-MS inafanya mengine. Njia hii ilichapishwa katika jarida la Nano Letters mwaka 2009, na kwangu mimi ndiyo iliyoifanya ICP-MS istahili kushindana na saitometa kwenye swali hili.

Ukiniuliza jaribio moja tu la kufanya, nitakwambia hili, kwa mashine yoyote kati ya hizo mbili. Weka seli kwenye baridi pamoja na chembe kwa nusu saa mpaka saa moja, zinate. Osha kwa bafa baridi, zisizonata ziende. Kisha hamishia sahani kwenye nyuzi 37, na urudishe kwenye barafu sampuli moja baada ya dakika 0, 5, 15, 30 na 60. Kila sampuli igawe mara mbili: nusu bila kizimaji, nusu pamoja na kizimaji (tripani au iodini). Mgao wa ya pili kwa ya kwanza ni sehemu iliyoingia. Jaribio hili linajikagua lenyewe, kwa sababu kwenye dakika 0 hakuna iliyokwisha kuingia, hivyo mgao lazima uwe karibu na sifuri. Usipokuwa, ama baridi yako haikuwa baridi, ama kizimaji hakizimi. Hutoi namba ya nyuzi 4 kwenye namba ya nyuzi 37. Chembe zile zile zilizonata unazifuata zikiingia.

Hadubini mbili, na kwa nini nazipa nafasi ndogo

Hadubini ya konfokali, inayopiga picha za seli tabaka moja moja kwa leza, inatoa picha zinazopendeza kamati. Seli imezungushiwa utando mwekundu, kiini ni buluu, chembe ni vidoa vya kijani. Shida ni ya fizikia. Hadubini ya mwanga wa kawaida haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi kwa upana, na kwa kina ni mbaya zaidi, zaidi ya nanomita 500. Utando wa seli ni nanomita chache. Chembe iliyonata nje ya utando na iliyomezwa jirani tu na utando, kwa konfokali ni doa moja. Kwa hiyo itumie kuonyesha chembe zilizo ndani sana, karibu na kiini, na kuona kama zimekaa pamoja na rangi ya lisosomu. Usiitumie kuhesabu. Na ukipiga, piga tabaka kwa tabaka kutoka juu hadi chini, kwenye seli ulizozichagua bila kuangalia kwanza rangi ya kijani. Picha moja nzuri haithibitishi kitu. Kila sahani ina angalau seli moja nzuri.

Hadubini ya elektroni inaona yote: utando, kifuko, chembe ndani ya kifuko. Kwa swali la "iko barazani au dakani?" ndiyo hakimu. Lakini seli imekufa zamani, imekatwa vipande vya unene wa nanomita 70 hivi, na seli ya mikromita 10 hutoa vipande zaidi ya 140. Wewe unaangalia kimoja. Maandalizi yake yanataka tetroksidi ya osmiamu, ambayo ni sumu ya macho na mapafu, na resini ya epoksi inayochukia unyevu. Kwenye hewa yetu vifaa vyote vikae ndani ya chombo cha kukaushia, la sivyo resini inabaki laini na haikatiki. Itumie mwishoni, kuthibitisha kile ulichokwisha kukipima.

Kisomaji cha sahani, kile kinachotoa namba moja kwa kila kishimo, kinafaa kuchagua dozi na muda tu. Hakitengi seli na uchafu.

Kama swali lako ni kunata tu

Wapo wanaopamba chembe kwa ligandi, yaani molekuli inayoshika kipokezi maalumu kwenye utando wa seli, foleti kwa mfano, au transferini, ili inate kwenye seli za saratani zenye kipokezi hicho kwa wingi. Hapa kuingia ni jambo la baadaye. Baki kwenye baridi, panda na kiwango cha chembe kutoka kidogo hadi kingi, chora mkunjo, tazama unafikia kilele wapi. Jaribio linaloamua ni la ushindani: tia ligandi huru kwa wingi kabla ya chembe. Kama kunata kunashuka sana, kipokezi ndicho kinachozishika. Kusiposhuka, chembe zinanata kwa chaji au kwa mafuta yake, na ile ligandi ya gharama ni pambo. Kumbuka pia kwamba chembe moja hushika vipokezi kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo nguvu ya kunata unayoipata ni ya chembe hiyo na seli hiyo, huwezi kuihamishia kwa ligandi yenyewe.

Vifaa vya kupima kunata kwenye kioo chenye dhahabu, vile vya resonansi ya plazmoni, vinatoa namba safi sana za kasi ya kushika na kuachia. Havina seli hai. Kwa mpangilio wa kazi ya maabara ya kemia ni sawa, kwa swali letu havitoshi.

Jaribio lolote la kunata lifanywe na seramu pia. Chembe ikiingia kwenye seramu huvikwa koti la protini ndani ya dakika, na seli hukutana na koti hilo. Bila seramu, chembe nyingi hunata na kuingia zaidi, na namba hupendeza. Mgonjwa hana damu isiyo na protini.

Upande wa bahari

Mombasa ndiko makao makuu ya taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, na kila mwaka hapa mjini hutokea mwanafunzi anayetaka kujua kama plastiki za nano huingia kwenye seli za chaza au kome. Swali zuri. Lakini karibu kila kitu nilichosema juu kinageuka.

Kwanza maji. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, na chembe zinazosimama mbalimbali kwa nguvu ya chaji hupoteza kinga hiyo na kugandana. Ukidhani unapima nanomita 50, unapima vifundo. Pima ukubwa ndani ya maji yenyewe ya jaribio, mwanzoni na mwishoni. Pili, plastiki haina metali, kwa hiyo ICP-MS imetoka, isipokuwa utumie plastiki zilizotengenezwa na kiini cha metali ya paladiamu, ambazo zipo kwa kazi hii. Tatu, chaza amekula mwani, na klorofili hung'aa nyekundu yenyewe. Rangi nyekundu ikwepe. Nne, hakuna nyuzi 37 hapa, fanya kwa joto la maji alikotoka, na ile ya nyuzi 4 kwa mnyama wa tropiki ni kishindo kinachoweza kuua seli kabla hujapima. Tazama kwanza kama ziko hai. Kwa kazi hii ningechukua saitometa, kijani isiyojali pH iliyo juu ya uso wa chembe, na tripani. Vigololi vya plastiki vya dukani vyenye rangi katikati ndivyo rahisi kuagiza, na ndivyo tripani haiviwezi.

Ningechagua hivi

Mwenye dhahabu achukue ICP-MS na iodini, na picha chache za elektroni mwishoni. Asijisumbue na rangi. Dhahabu yenyewe huzima rangi nyingi zilizo karibu nayo, na hilo ni tatizo la ziada asilolihitaji.

Mwenye polima, silika au lipidi yenye rangi, saitometa. Saa ya kwanza kwenye mashine aitumie kwa jaribio la rangi iliyobanduka, ya pili kwa kuona kama tripani inazima. Viwili hivyo vikifaulu ndipo aanze jaribio lenyewe. Konfokali aiweke kwa picha tatu nne.

Mwenye oksidi ya titaniamu au nyingine isiyo na rangi asisahau kwamba saitometa hupima pia mwanga unaotawanywa kwa pembeni. Seli iliyomeza chembe nzito huwa na chenga ndani, mtawanyiko wa pembeni hupanda, na hakuna rangi iliyohusika. Si sahihi sana, lakini kwa kulinganisha dozi mbili inatosha.

Na mwenye chembe za lipidi zilizobeba mRNA (maelekezo ya kutengenezea protini), jamaa wa zile za chanjo za Covid-19, namwambia asitumie pesa nyingi kupima kuingia. Utafiti uliochapishwa katika Nature Biotechnology mwaka 2013 kuhusu chembe za lipidi zilizobeba RNA fupi ulikuta kwamba ni asilimia 1 hadi 2 tu ya mzigo iliyofaulu kutoka endosomu kuingia saitoplazimu. Seli zinaweza kujaa chembe na dawa isifanye lolote. Abebeshe chembe zake mRNA ya protini ya kijani, asubiri siku moja, kisha apitishe seli kwenye saitometa. Kijani kikitokea, mRNA imefika saitoplazimu na ribosomu, mitambo ya seli ya kutengeneza protini, zimeisoma. Kipimo cha kunata kwenye baridi akifanye baadaye, kijani kisipotokea, ili ajue kama ilikwama barazani au dakani.